Umebadilisha rangi ya mbao ikaharibika? Anza na dalili unayoiona

Kwa wengi wetu, kazi ya kubadilisha rangi ya mbao huanzia dukani, kwenye kopo. Mtu ana viti vya mninga, amechoshwa na wekundu wake, anataka rangi ya kahawa. Jumamosi anapiga msasa, Jumapili anapaka, Jumatatu asubuhi anaamkia mabaka, au utando unaonata, au zambarau ambayo haikuwa kwenye kopo lolote. Anarudi dukani kununua kopo jingine.

Mimi pia nilipita huko, na kitanda cha mninga cha marehemu bibi yangu. Baada ya kopo la tatu nilibeba ubao wa kichwani begani, nikaenda kwa mzee mmoja seremala pale Keko, Dar es Salaam.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umepaka mara ngapi?"

"Mara tatu."

Akachovya kidole kwenye bilauri yake ya maji, akadondosha tone moja juu ya ubao. Tone likakaa pale, duara, limetuna kama umande juu ya jani la mgomba. Tukalitazama wote wawili kwa muda. "Mwanangu," akasema, "wewe hujapaka mbao bado. Umepaka vanishi ya fundi wa kwanza."

Tangu siku ile kila anayeniletea kazi iliyoharibika namuuliza kwanza kuhusu kilichokuwa ndani ya mbao kabla ya kopo lake: vanishi iliyobaki, mafuta, nta, utomvu wa mti wenyewe, maji. Karibu kila tatizo lililomo humu linaanzia hapo, na kopo jipya halilitatui.

Ukaguzi wa dakika kumi, kabla ya kugusa msasa

Tazama ukingo wa ubao, hasa nyuma ya mlango wa kabati au chini ya meza. Ukiona matabaka kama ya mkate wa kuchambuka, au unga uliobanwa bila mistari ya mbao, hiyo si mbao nzima. Ni plaiwudi au ubao wa kiwandani uliovikwa vinia, ngozi nyembamba ya mbao ambayo mara nyingi haifiki hata milimita 1. Mashine ya msasa huitoboa kwa sekunde chache, na ikishatoboka hairudi. Vinia inasuguliwa kwa mkono tu, kwa msasa laini, au haisuguliwi kabisa.

Kisha tambua kilichopakwa zamani. Chagua mahali pasipoonekana, weka pamba yenye spiriti, subiri dakika moja au mbili. Pakinata na kulainika, ni shelaki. Pakigoma, jaribu tina, kile kiyeyusha rangi. Pakiyeyuka, ni laka. Vyote viwili vikishindwa, uko na poliurethani au vanishi nzito ya mafuta, na hapo msasa peke yake utakuchosha, utahitaji rimuva, dawa ya kulainisha na kuondoa vanishi ya zamani.

Mwisho, ukishamaliza msasa, lile tone la maji. Lidondoshe sehemu nne au tano. Likinywewa na mbao ikawa nyeusi kidogo, mbao iko wazi. Likikaa juu, bado.

Rangi haishiki: ukiifuta inatoka yote, au inabaki hafifu

Hili ndilo lalamiko ninaloletewa zaidi kuliko yote. Sababu ya kwanza ni ile ya kitanda cha bibi: vanishi ya zamani haijatoka. Macho yanadanganya hapa. Mbao ikishasuguliwa inapauka na kuonekana mbichi, kumbe vinyweleo vyake vimejaa vanishi iliyosagwa. Futa ubao kwa kitambaa chenye spiriti ukiwa mwangani, utaona sehemu zenye vanishi zinang'aa huku nyingine zikiwa kavu. Zipake rimuva, subiri ilainike, kwangua kwa kikwangulio butu ukifuata nyuzi za mbao, kisha futa kwa tina ili masalia ya rimuva yenyewe yasibaki. Watu wengi huruka hatua hii ya kufuta, halafu rimuva iliyobaki inalainisha vanishi mpya wiki nzima.

Sababu ya pili ni msasa laini kupita kiasi. Kuna imani kwamba ukisugua hadi namba 400 rangi itapendeza zaidi. Mbao ngumu kama mninga na mkongo ukiisugua hivyo unaing'arisha, vinyweleo vinafunga, steni, ile rangi ya kupenya ndani ya mbao, haina pa kuingilia. Anza na 80 au 100 kama kuna kazi nzito, nenda 120, malizia na 150 au 180, basi. Namba kubwa ni za kusugua kati ya mikono, yaani matabaka, ya vanishi. (Neno lenyewe limetoka kwenye mti: msasa ni mtini wenye majani makavu yanayokwaruza, na mafundi wa zamani waling'arishia vinyago na vipini kwa majani hayo.)

Ya tatu ni gundi iliyovuja kwenye maungio na kukauka. Inaonekana kama doa jeupe lenye umbo la kidole kando ya kona, maana fundi aliifuta kwa kidole. Ikwangue kwa makali ya patasi, usiisugue tu.

Kama sababu hizi zote hazimo, mbao yenyewe ni nzito na inahitaji steni nyepesi ya spiriti badala ya ile nzito ya mafuta ambayo hutegemea kutuama kwenye vinyweleo.

Mabaka: hapa pamekolea, hapa hapana

Uliza kwanza ni mbao gani. Msindano, ile mbao ya mashamba kama Sao Hill kule Mufindi, hunywa rangi bila mpangilio. Sehemu laini zinafyonza kama sifongo, sehemu za vifundo zenye utomvu zinakataa. Hapa hukufanya kosa lolote katika kupaka. Ulipaswa kuishibisha mbao kwanza. Zimua sila, kizibio cha vinyweleo vya mbao, kwa tina iwe nyepesi sana, paka mkono mmoja, acha ikauke, pitisha msasa 220 kidogo, ndipo uweke steni. Itatoka nyepesi kuliko ulivyotarajia, lakini itakuwa sawa kote, na unaweza kurudia. Vifundo vinavyotoa utomvu vizibe kwa shelaki.

Kama ni mbao ngumu na bado ina mabaka, kagua alama za msasa. Mashine inayotetema ikiachwa ikae mahali pamoja, au ikibeba msasa uliochakaa, huacha miduara midogo isiyoonekana hadi steni iikoleze. Pitisha tena msasa kwa mkono, kufuata nyuzi, ubao mzima, hata sehemu zilizotoka vizuri. Kurekebisha kipande kimoja tu hutengeneza baka jipya.

Na vichwa vya mbao, pale nyuzi zinapoishia, daima vitakuwa vyeusi zaidi. Visugue hadi 220 huku uso ukibaki 150, vitakaribiana.

Rangi imetoka tofauti na ya kwenye kopo

Steni ni kama chai kwenye kikombe chenye rangi. Inapitisha mwanga, kwa hiyo unachokiona ni steni pamoja na mbao iliyo chini yake. Mti wa mninga ukikatwa hutoa utomvu mwekundu kama damu, na wekundu huo umo ndani ya mbao miaka yote. Ukiweka kahawia juu yake unapata kahawia nyekundu. Ukiweka nyeusi nyepesi unapata rangi ya zambarau. Mkongo una manjano na wekundu wake. Mvule huanza na manjano, kisha hukolea kuwa kahawia kwa mwanga na miaka, kwa hiyo meza ya mvule uliyoisugua leo si ile itakayokuwepo baada ya mwaka.

Kama tatizo ni wekundu uliozidi, dawa yake ni kijani. Naam, kijani. Tone chache za rangi ya kijani ndani ya steni ya kahawia huua wekundu, na hakuna atakayejua kwamba imo. Nilipoelezwa mara ya kwanza sikuamini. Nilichukua kipande cha mninga kilichobaki, nikakigawa mara tatu kwa penseli: kahawia tupu, kahawia yenye kijani kidogo, kahawia yenye kijani nyingi. Ya kwanza ilitoka rangi ya tofali. Ya tatu ilitoka kama tope la mtoni. Ya katikati ilikuwa kahawa hasa, ile ya Bukoba iliyokaangwa, na ndiyo iliyoko kwenye kitanda cha bibi hadi leo.

Tafadhali fanya kipande cha majaribio. Kiwe mbao ileile, kimesuguliwa kwa namba zilezile, na ukipake hadi vanishi ya mwisho, kwa sababu steni kavu isiyo na vanishi hudanganya. Mbao yenyewe, kabla ya kupakwa chochote, ipanguse kwa spiriti uone itakavyokolea. Kisha kitazame mchana dirishani na usiku chini ya taa ya nyumba itakapokaa. Andika vipimo nyuma yake: vijiko vingapi vya hiki, matone mangapi ya kile. Ukichanganya kwa kukisia, kiti cha sita hakitafanana na cha kwanza.

Sababu nyingine, isiyo ya kawaida sana, ni vanishi yenyewe. Vanishi ya mafuta ina umanjano na huuongeza kadiri inavyozeeka. Kama umetafuta rangi ya kijivu au nyeupe, tumia ya maji.

Na wale wanaotaka kutoka kwenye giza kwenda kwenye mwanga, nawaambia wazi: steni haiwezi. Hakuna steni nyepesi inayofunika mbao nyeusi. Njia ni mbili, kuichubua mbao rangi yake kwa dawa kali, au kuifunika kwa rangi ya mafuta isiyopitisha mwanga. Kuchubua mninga naona ni dhuluma kwa mti uliokua miaka mingi porini Tabora. Ukitaka meza nyeupe, nunua ya msindano.

Haikauki, bado inanata baada ya siku mbili au tatu

Gusa kwa ncha ya kidole mahali pa siri, kisha jibu maswali haya kwa mpangilio.

Je, ulipaka nene? Mkono mmoja mzito huunda ngozi juu na kubaki uji chini. Mikono mitatu myepesi hukauka mapema kuliko mmoja mzito. Je, ilikuwa masika? Pwani kuanzia Machi hadi Mei hewa imejaa maji, na vanishi ya mafuta iliyoandikwa kwamba hukauka kwa muda wa saa kumi na mbili inaweza kuchukua siku nzima na zaidi. Fungua madirisha, weka feni ipeperushe hewa chumbani bila kuelekea kwenye mbao, subiri siku mbili kabla ya kuamua lolote.

Je, ni vanishi ya kopo mbili, yenye hadina (kigumishi)? Hapo mara nyingi kosa ni kipimo. Nimeona mafundi wakipima hadina kwa kizibo cha soda. Ikiwa kidogo haitakauka kamwe, na kuongeza hadina juu ya vanishi iliyokwisha kupakwa hakusaidii, lazima itolewe.

Je, mbao ni mvule au msaji? Hili wengi hawalijui, na limewatesa mafundi wazuri. Mvule una kemikali yake ya asili inayozuia vanishi za mafuta zisikauke. Unaweza kungoja hadi Idi. Msaji nao una mafuta yake yanayozuia kushika. Kwa zote mbili, toa kilichonata, futa mbao kwa tina hadi kitambaa kitoke safi, na ndani ya saa moja, kabla mafuta hayajapanda tena juu, paka mkono wa shelaki isiyo na nta. Shelaki inatenganisha mbao na vanishi. Baada yake paka unachotaka.

La mwisho: kama ulitumia mafuta ya kitani, soma chupa. Yaliyo mabichi huchukua wiki nyingi kukauka. Unayoyataka ni yaliyoandikwa yamechemshwa.

Ukungu mweupe juu ya laka

Huu unatokea ndani ya dakika chache za kupuliza, hasa jioni au mvua ikinyemelea. Tina ikiruka haraka hupoza uso wa mbao, unyevu wa hewa unagandia humo. Usisugue. Subiri siku ya jua, pulizia ukungu mwembamba wa tina inayokawia kukauka. Laka inalainika, maji yanatoka, weupe unapotea. Kisha panga kupuliza kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, wala si alfajiri.

Weupe ukiwa ni duara la kikombe juu ya meza ya zamani, kitambaa kilicholowa spiriti kidogo sana, kikipitishwa mara moja kwa wepesi, mara nyingi hutosha.

Vishimo kama macho ya samaki, au viputo

Tofautisha kwanza. Vishimo vya duara ambamo vanishi imekimbia pembeni ni silikoni, kutoka kwenye zile polishi za kupuliza za kung'arishia samani. Miaka ya kupuliziwa kila Ijumaa imeingia hadi ndani ya mbao. Msasa unaisambaza tu. Osha kwa tina mara kadhaa, kila mara kitambaa kipya, kisha ziba kwa shelaki.

Viputo vidogo vilivyotuna ni hewa: kopo lilitikiswa badala ya kukorogwa taratibu, au ulipaka juani na vinyweleo vikapumua. Sugua kwa msasa 320, hamia kivulini, rudia.

Inabanduka au inakunjamana

Kukunjamana kama ngozi ya maziwa yaliyopoa, papo hapo wakati wa kupuliza, maana yake umeweka laka juu ya rangi au vanishi ya mafuta. Tina yake imeila ya chini. Hakuna mkato, toa zote mbili. Kubanduka baada ya wiki au miezi, kwa maganda unayoweza kuyachuna kwa ukucha, kwa kawaida ni kwa sababu hukukwaruza kati ya mikono, au kulikuwa na nta, au maji yanaingia kutoka nyuma. Mlango wa nje ukibanduka chini tu, usilaumu vanishi. Angalia ukingo wa chini wa mlango. Mara nyingi haukupakwa kabisa, na mbao inanywa maji ya mvua kutokea hapo.

Madoa meusi yaliyojitokeza baada ya kusugua

Yakiwa karibu na misumari au mahali palipokaa chungu cha maua, ni chuma na maji vimekutana na tanini, kemikali ya asili iliyomo ndani ya mbao. Pamba ya chuma ikiacha vipande vyake juu ya mbao mbichi nayo hufanya hivyo, kwa hiyo usiitumie kabla ya vanishi ya maji. Dawa ni asidi oksaliki iliyoyeyushwa kwenye maji ya moto, ipakwe ubao mzima, isuuzwe vizuri, iachwe ikauke kabisa. Ni sumu. Vaa glavu na miwani, weka watoto mbali, na masalia yake makavu usiyasugue bila barakoa. Maji ya klorini hayaondoi doa la chuma, na usithubutu kuyachanganya na asidi yoyote, hata siki: hewa inayotoka huunguza mapafu.

Pale unapopaswa kusimama na kumwita mwenye ujuzi

Mlango au dirisha la zamani lenye rangi ya mafuta iliyopakwa tabaka juu ya tabaka, hasa nyumba yenye watoto. Rangi za zamani huweza kuwa na risasi ndani yake, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Usisugue pakavu, usichome moto. Tafuta fundi anayejua kuifanya kazi hiyo kwa maji na kukusanya mabaki.

Milango ya nakshi. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingia kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2000, Mji wa Kale wa Lamu mwaka 2001. Mlango wa aina hiyo hausuguliwi kwa mashine wala kubadilishwa rangi kwa matakwa ya mpangaji. Msasa hufuta kingo za nakshi zilizochongwa kwa mkono, na hilo halina rimuva. Uliza mamlaka ya hifadhi kabla ya kununua hata brashi.

Vanishi za hadina zinazopulizwa kwa kompresa. Nyingine zina kemikali zinazoleta pumu ya kudumu, na barakoa ya kitambaa haizuii. Hiyo ni kazi ya chumba maalumu na kinyago chenye kichujio.

Mbao inayobonyea kidole kikiikandamiza, au inayotoa unga. Hapo kuna mchwa, wadudu wanaotoboa mbao, au uozo. Rangi ingoje.

Rimuva yenye harufu kali tamu, isiyoonyesha kilichomo. Baadhi zina kemikali ambayo imeua watu waliokuwa wakifanya kazi kwenye vyumba vilivyofungwa, na Marekani iliiondoa kwenye rimuva zinazouzwa kwa watu wa kawaida mwaka 2019. Kama ni lazima, fanya nje kabisa, na ukisikia kizunguzungu acha.

Vumbi lenyewe pia si la kudharau. Shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliweka vumbi la mbao kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani mwaka 1995, na la mninga na mvule huwafanya wengi wapige chafya na kubanwa kifua siku hiyohiyo. Vaa barakoa nzuri tangu msasa wa kwanza.

Na vitambaa ulivyofutia mafuta ya kitani, usivikunje ukavitupa kwenye kona ya stoo. Mafuta hayo yanapokauka hutoa joto, na kitambaa kilichokunjwa hulihifadhi hadi kinawaka chenyewe, bila kiberiti, usiku mkiwa mmelala. Vitandaze kimoja kimoja nje, juu ya zege au waya wa nguo, vikauke hadi viwe vigumu kama kadibodi. Au vizamishe kwenye ndoo ya maji yenye kifuniko hadi utakapovitupa.